Neno la Solange Ufukweni Baraka

Kila asubuhi Mwalimu Anatole aliuliza maswali ya Kifaransa, na kila asubuhi mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wa Tania. Shule nzima ilijua hilo, na Tania mwenyewe alilijua kuliko wote.

Wiki hiyo mambo yaligeuka. Vita vilikuwa vimefunga barabara ya Uvira, na boti ya askari wa Umoja wa Mataifa ingekuja mjini Baraka kwa njia ya ziwa, kuwapeleka wagonjwa Uvira. Watu wa msaada walimletea mwalimu maneno ya Kiingereza ya kupanda na kushuka: board, wait, get off. Lakini askari wenyewe walisema Kihispania tu!

"Sube, espera, baja," alisema Solange, msichana mgeni aliyelelewa na masista Wahispania kule Fizi.

"Vizuri sana! Kesho utasimama karibu na boti, utufasirie," alisema mwalimu.

Loo, wivu ulimkaba Tania! Huyu aliyefika juzi, na viatu vya kuazima, ndiye awe mdomo wa shule? "Kihispania na Kifaransa ni ndugu," alijiambia. "Hata mi nakiweza."

Kesho yake ufuko ulijaa watu. Koko, bibi yake Tania, alikuwa miongoni mwa wagonjwa. Mguu wake ulivimba hadi gotini, na dawa ilipatikana Uvira tu. Solange alipoinama kumsaidia mama mmoja kufunga mtoto mgongoni, Tania akajipenyeza mbele yake.

Askari aliinua mkono. "Espera!"

Nani asiyejua neno hilo? Kwa Kifaransa, espérer ni kutumaini! "Bamama, anasema mukuwe na tumaini!" Tania alipaza sauti. "Mupande!"

Watu wakasukumana. Boti ikayumba, ubao wa kupandia ukateleza, na koko akatumbukia majini.

"Ngojeni! Amesema mungoje!" Solange alipiga kelele huku akikamata kitenge cha koko na kumvuta.

Koko alitolewa akitetemeka. Mkubwa wa askari alikasirika, akaanza kuondoa ubao ili boti iende.

Tania alimgeukia Solange. "Solange, nisamehe. Nilikuonea wivu. Zungumza naye, tafadhali. Koko atanifia."

Solange alimfuata yule mkubwa, akasema naye taratibu, akimwonyesha ule mguu. Ubao ukarudishwa. "Sube," yaani panda, askari akamwambia koko, na safari hii kila mtu alingoja zamu yake.

Koko alipokwisha kuketi botini, aliwaita wasichana wote wawili.

"Neno lile espera, kwa Kifaransa ni nini?"

"Kutumaini, koko," alijibu Tania kwa aibu.

"Na yule askari alipolisema, alitaka nini?"

"Tungoje," alijibu Solange.

"Basi ni neno moja, wajukuu wangu. Mwenye tumaini hungoja zamu yake. Mwenye wivu hawezi kungoja, ndiyo maana leo nimeoga na nguo zangu. Tania, mushike huyu mkono. Nikirudi niwakute hivyo hivyo."