Laku Iko na Rijila

Maneno yenyewe yalikuwa machache, lakini yalimganda Goretti kama mbegu ya pera kwenye jino. Kila akiyasukuma kwa ulimi, yanarudi palepale.

"Laku iko na Rijila."

Aliyeyaleta alikuwa Cate, mgeni mwenzake na jirani yake pale soko la Konyokonyo mjini Juba, meza yake na ya Goretti zikigusana, wote wawili wakiuza vitenge. Cate aliinama kama mtu anayetafuta sindano chini.

"Mama Daphine, usiseme ni mimi nimekuambia."

"Sema basi, unanichoma!"

"Mkwe wako. Fred wa boda amesikia kwa mlinzi wa hoteli moja huko Thongpiny. Kila asubuhi Laku iko na Rijila. Anamleta na pikipiki, anaingia naye mlango wa nyuma."

"Rijila nani?"

"Mimi nitajua? Lakini sikiliza jina lenyewe. Ri-ji-la. Hilo ni jina la msichana anayefua nguo za mama yake?"

Goretti akalirudia mdomoni. Hapana, halikuwa. Lilikuwa jina la mtu wa kucha ndefu na viatu virefu asubuhi asubuhi.

Goretti hakuwa amekaa sana Juba. Alitoka Mbarara kumfuata binti yake Daphine, aliyekuwa akisuka nywele katika saluni ya huko huko Thongpiny. Mjini alijua njia mbili tu, ya sokoni na ya kanisani, na alipika matoke yaliyoshuka na lori kutoka kwao. Vyakula vya wenyeji alivipita kwa mbali, kama mtu anayempita mbwa asiyemjua.

Laku alikuwa kijana wa hapa hapa, ila utoto wake wote alikuwa mkimbizi Adjumani, Uganda. Aliporudi alilima bustani ya mboga ukingoni mwa mto Nile, ng'ambo ya daraja, upande wa Gumbo. Mpole, mcha Mungu, anasalimia kwa mikono miwili. Jumamosi inayokuja ndugu zake walikuwa waje rasmi kumwomba Daphine. Goretti alishaazima viti.

Sasa, Rijila.

Jumapili baada ya kanisa Laku alikuja kula. Alileta nyanya na sukuma, kama kawaida. Akatoka nje kumsaidia Daphine kubeba jerikeni la maji, simu akaiacha mezani. Ikalia. Goretti hakuigusa. Aliinamisha tu shingo, na kama shingo ilifika karibu sana, hilo si kosa lake.

Mwangi Hoteli: "Boss, Rijila ya jana ilikuwa laini sana. Wageni wote wamefurahi."

Goretti akashika meza.

Mwangi Hoteli: "Kesho niletee mbichi zaidi. Ya jana ilikuwa imeanza kuzeeka."

Mwangi Hoteli: "Jirjir pia lete. Iko na uchungu kidogo lakini wazungu wanapenda hivyo. Pita nyuma."

"Mama, mbona unatetemeka?" Daphine aliingia na maji.

"Ni pilipili."

"Hatujaweka pilipili."

"Basi ni ya jana!"

Laku alipoondoka, Goretti alimkalisha binti yake kitandani, akamwambia yote, kuanzia kwa Cate mpaka kwa Jirjir.

"Mama, Laku? Huyu anayesali hata kabla ya kunywa soda?"

"Hao ndio wabaya! Mwanangu, huyu hana mwanamke mmoja. Huyu anasambaza! Anapelekea wageni! Na wakianza kuzeeka wanamwagiza wengine!"

Daphine alicheka, kisha akaacha kucheka. Asubuhi, kabla ya kwenda kazini, alipiga simu. Goretti akamwonyesha kwa kidole: weka spika.

"Halo, mpenzi," Laku alijibu, na nyuma yake maji yalisikika yakichuruzika.

"Uko wapi?"

"Mtoni."

"Na nani?"

"Mimi peke yangu tu. Naosha Rijila hapa, Mwangi anaisubiri. Leo imetoka nzuri, Daphine, ungeiona! Imenona…"

Daphine akakata. Vidole vyake viliandika vyenyewe: "Jumamosi usije. Nenda ukaoe Rijila wako." Akatuma, akamfungia namba, akalala kifudifudi na aproni yake ya saluni.

Mama wa kawaida angekaa na mtoto wake alie naye. Goretti alifunga kitambaa kichwani, akafunga kingine kiunoni, akaenda kumtafuta Fred wa boda ampeleke hoteli ile. Alitaka kumwona huyo Rijila uso kwa uso, na kama ana nywele za kuvuta, azivute.

Kwenye mlango wa nyuma wa hoteli alimkuta mwanaume mnene mwenye aproni, anamenya vitunguu.

"Wewe ndiye Mwangi?"

"Ndiye, mummy. Karibu."

"Sikuja kukaribishwa. Rijila iko wapi?"

"Iko ndani. Kwa maji."

"Anaoga?"

"Inaoshwa. Tena mara tatu, juu ya ule mchanga wa mto."

"Na ukimaliza kumwosha?"

"Nakata miguu, natupa. Huku juu nakatakata ndogo ndogo, nakamulia ndimu. Saa saba wageni wanakula."

Goretti alirudi nyuma mpaka akagonga pipa la taka.

"Yesu wa Nazareti! Mnakula mtu!"

"Mtu gani?"

"Rijila!"

Mwangi alimtazama. Akaingia ndani pole pole, kama anavyotembea mtu mbele ya ng'ombe mkali, akarudi ameshika kitita kinachodondoka maji: mashina mekundu, majani madogo manene, mororo.

"Mummy, ndiyo hii. Salimianeni."

Goretti aliitazama Rijila. Akaigeuza, akanusa.

"Hili si gugu? Hili kwetu tunang'oa kwenye maharage tunatupia nguruwe!"

"Basi nguruwe wenu wanakula vizuri kuliko mabalozi. Hapa ni mboga, mummy. Inapikwa na nyama, inapikwa na dengu, ama kachumbari."

"Na Jirjir?"

"Ile kwa sinia, ya majani marefu. Inakereketa kama haradali."

"Lakini uliandika uletewe mbichi!"

"Ningeagiza imepikwa? Kisha mimi nifanye kazi gani hapa? Na si nimekuambia *iko* ndani, *ina*oshwa? Mtu si angekuwa *yuko*?"

"Yuko ya wapi, baba? Juba hii mimi iko, wewe iko, maji iko, askari iko, hata Mungu iko! Mimi ningejuaje nani wa kula na nani wa kusalimia?"

Mwangi alicheka mpaka kisu kikaanguka. Halafu akaacha.

"Kumbe ile meseji ilitoka kwenu. Mummy, yule kijana alikaa hapa kwa ndoo akanisomea. Hakunywa hata chai. Alisema, 'Mwangi, wamenikataa kwa sababu ya mboga. Dada wa saluni hawezi kuolewa na mkulima wa rijila.'"

Ndipo Goretti alipoona shimo alilochimba, na binti yake yumo ndani.

Alimkuta Daphine bado amelala. Alipomaliza kumweleza, Daphine alicheka mpaka akashuka sakafuni, na huko sakafuni kicheko kikageuka kilio. Alimfungulia Laku namba, akapiga. Simu ikaita, ikaita, ikanyamaza. Kisha meseji ikaingia.

"Daphine, mimi ni mtu wa udongo, sijakuficha. Kama kazi yangu inakutia aibu ungeniambia kwa mdomo. Nimemwonyesha Mzee Taban meseji yako. Amesema kalas, hataomba msichana kwa watu wanaotudharau."

Mzee Taban alikuwa baba mdogo wa Laku, ndiye aliyemlea. Akisema kalas, imekwisha. Bila yeye hakuna wa kuongoza ndugu, na bila ndugu hakuna ndoa.

"Nitakwenda mimi kumwomba," Goretti alisema.

"Mama, wewe kaa. Nakuomba. Kaa."

Daphine alivuka daraja mwenyewe. Laku alikuwa katikati ya matuta, suruali imekunjwa mpaka magotini. Hakuinuka.

"Viatu vyako vitachafuka."

Daphine akavivua, akavitupa kando, akaingia kwenye tope.

"Laku, nilidhani Rijila ni mwanamke."

"Nini?"

"Mwanamke. Mama alishampa mpaka rangi ya kucha."

Mdomo wa Laku ulitaka kucheka, akaubana.

"Nilikuambia kwa simu naosha Rijila. Mwanaume gani anamwambia mchumba wake hivyo, tena kwa furaha?"

"Hiyo furaha ndiyo iliniua!"

"Mama yako ni mgeni, sawa. Wewe unanijua. Ungeniuliza tu, Rijila ni nani. Neno moja."

Daphine alitazama miguu yake ikizama.

"Niliogopa jibu."

Maji yalipita kwenye mfereji.

"Mimi pia sikuuliza," Laku alisema mwishowe. "Nilisoma 'Rijila wako' nikaona mwanamke wa mjini ananitemea mate. Nikaamini mara moja. Labda nilikuwa nimelingoja hilo tusi tangu siku ya kwanza."

"Unanisamehe?"

"Mimi nimeshakusamehe ulipovua viatu. Shida ni Mzee Taban. Anasema msichana wa saluni hawezi kusimama na mboga yetu mbele za watu."

"Kesho unauza wapi?"

"Konyokonyo."

"Nipe beseni."

Cate alikuwa ameshafanya kazi yake. Soko zima lilijua kwamba Daphine ameibiwa mchumba na kahaba anayeitwa Rijila. Wauza mboga wenyeji walikuwa wamecheka mpaka mbavu zinauma. Asubuhi hiyo wote wakamwona Daphine mwenyewe akija, kucha zake nyekundu, beseni la rijila kichwani, Laku nyuma yake amebeba magunia. Akatandika, akapanga mafungu, akapaza sauti.

"Rijila! Rijila ya Laku! Njooni mumwone aliyetaka kunivunjia ndoa!"

"Wee binti!" mama mmoja akamtania. "Huyo si mke mwenza wako?"

"Ndiye! Mchukue mama, umkate, umpike na karanga! Mimi simtaki nyumbani!"

"Mke mwenza mbichi huyu?"

"Ameoshwa mara tatu! Ni safi kuliko Cate!"

Soko likapasuka. Goretti, ambaye alikuwa amejificha nyuma ya vitenge vyake, alitoka na kipande kizuri kabisa, cha maua ya bluu, akakitandika chini ya mboga aliyoiita chakula cha nguruwe. Hakusema kitu. Kwa Goretti, huo ulikuwa muujiza.

Beseni lilikuwa karibu kwisha watu waliposogea kumpisha mzee mwenye fimbo. Mzee Taban. Alisimama akatazama kucha za Daphine, akatazama tope kwenye kisigino.

"Hii unaijua kupika?"

Daphine akapiga magoti. "Hapana, baba."

"Unauza usichojua kupika?"

"Ndiyo, baba. Ndiyo maana nataka kuolewa mahali inapopikwa."

Mzee alikohoa. Ilikuwa kicheko, ila alikivalisha kikohozi kwa ajili ya heshima. Akainama, akachagua fungu lililobaki, akamgeukia Laku.

"Jumamosi tuvae nini?"

Jumamosi walikuja wote, suti na vitenge, wakakaa kwenye viti vya kuazima. Goretti alikaa mbele yao wima, macho makali, masikio makali zaidi. Mzee Taban akasimama na kusafisha koo.

"Mama, tumepita barabarani, tumeona katika boma lako kuna ua zuri sana. Sisi ni watu wa bustani. Tumekuja kuomba hilo ua, tukalipande kwetu…"

"Simama hapo hapo, Mzee!" Goretti aliinua mkono.

Wageni wakashtuka. Daphine, nyuma ya pazia, akafunga macho.

"Ua gani? Mimi sitaki tena majina ya mimea ndani ya nyumba hii! Hapa hakuna ua, hakuna mboga, hakuna tunda. Mnataka mtu? Mtu yuko! Nasema *yuko*! Sema jina lake!"

Mzee Taban alimtazama Goretti, akaweka fimbo chini.

"Daphine," alisema. "Tunamwomba Daphine awe mke wa Laku."

"Haya," Goretti alisema, akashusha mkono. "Huyo namjua. Huyo mchukueni."

Vigelegele vikaanza kwa Cate, kwa sauti kubwa kuliko wote, kana kwamba ndoa yote kaipanga yeye.

Kina mama wenzangu mlio na mabinti, epukeni haya:

Habari inayoanza na "usiseme ni mimi nimekuambia."

Kuinamia simu ya mkwe, hata kama ni shingo tu.

Kukata simu kabla mtu hajamaliza neno.

Kutuma meseji ukiwa unalia.

Kumfungia mtu namba kabla hajakujibu.

Kuita chakula cha wenzako gugu, kama bado hujaonja.

Kukaa katika mji wa watu bila kujifunza majina ya mboga zao.

Kumwambia Cate.