Kuku Waliovuliwa Lebo

Kila alasiri, akishavua sare ya shule, msichana mmoja aliingia dukani kwa baba yake kusaidia kazi. Nyumbani walimwita Wakili, maana hakuna neno lililompita bila kulibishia.

Siku moja alikuwa akifuta kioo cha friza redio ilipokatiza muziki kwa tangazo. Kuku wa kugandishwa wenye lebo ya kijani walikuwa wamekutwa na vijidudu vinavyoleta kuhara na kutapika. Wenye maduka wawaondoe mara moja na kuwarudisha kwa msambazaji. Waliokwisha kuwanunua wasiwapike.

Baba akazima redio. Akawatoa kuku wote wa lebo ya kijani, na Wakili akadhani anawaweka kando. Kumbe! Baba alichukua kisu, akachana mifuko yao, akaanza kuwatia kwenye mifuko isiyo na lebo.

"Baba, si ndio hao waliotangazwa?"

"Moto unaua kila kitu. Endelea na kazi yako."

Damu ilimchemka Wakili. Mara akaingia jirani yao, fundi viatu, amembeba mwanawe aliyetoka kuugua.

"Nipe kuku mmoja, jirani. Huyu leo ameomba supu."

Baba akanyoosha mkono kumpa.

"Usimpokee!" Wakili alipaza sauti. "Redioni wamesema ana vijidudu. Baba amemvua lebo sasa hivi!"

Baba akamtolea macho. "Unaniaibisha mbele ya watu?"

"Kama moto unaua kila kitu, baba, basi huyo tumpike sisi. Mimi nile, na wewe ule."

Mama akatokea stoo, mikono kiunoni.

"Mtoto amekuuliza. Utakula?"

"Sitakula," baba akajibu kwa sauti ya chini.

"Wewe huli, lakini mwanangu ale!" fundi viatu alifoka. "Na sisi tunakuamini!"

Baba aliinamisha kichwa, akamwomba radhi. Kisha akampigia simu msambazaji aje kuwachukua kuku wote. Jioni akazunguka nyumba kwa nyumba kwa walionunua kuku hao asubuhi, akiwaonya wasiwapike na kukiri mwenyewe alichofanya. Wengine walimfokea mlangoni. Alivumilia.

Aliporudi, alimkuta Wakili amenuna bado.

"Umeniokoa, mwanangu," alisema. "Nisamehe."

Mama akamshika binti yake bega. "Kumheshimu mzazi si kumfichia ubaya. Na anayeuza chakula ameshika afya za watu mikononi mwake. Asichoweza kumlisha mwanawe, asimuuzie mtu yeyote."