Kilomita Kumi na Nane za Rula

Walikutana kituo kikuu cha mabasi, kwenye foleni ndefu ambayo mtu aliingia hana ndevu akapanda basi anazo. Fundi cherehani, ndani ya gauni la bluu alilolishona mwenyewe, alisinzia wima, kichwa kikatua begani kwa mpima ardhi.

"Dada, hilo bega lina mwenyewe."

"Nani?"

"Hajapatikana. Endelea kulala."

Mapenzi yakaanzia hapo. Baada ya miezi michache mpima ardhi akahamia pembezoni mwa mji, kwenye viwanja alivyovipima mwenyewe yalipokuwa mashamba. Kwanza vilipigiliwa vigingi, wakaja wapangaji waliochoshwa na mji, umeme ukafuata. Barabara ya lami bado ilikuwa njiani, labda nayo ilikwama kwenye foleni.

"Ni mbali?" fundi aliuliza.

"Kilomita kumi na nane, mpenzi. Pua na mdomo."

Lakini kila alipompigia jioni, simu iliita mpaka ikakata.

"Pua na mdomo, na hawezi kuja hata kunisalimia," alimlalamikia dada yake.

"Ana mwingine huyo," dada akajibu, akikata uzi kwa meno.

Jumamosi asubuhi fundi akavaa viatu vyake vya ugomvi, vile vya kisigino, akapanda basi. Saa ya kwanza walizunguka bonde. Ya pili walisubiri lori lililokwama. Ya tatu akavua viatu. Alitoka nyumbani na maneno mia ya kumpasha. Mlangoni yalibaki mawili.

"Wewe mwongo."

"Nimekosa nini, laazizi?"

"Kumi na nane ulipima na nini?"

Mpima ardhi akatazama ramani ukutani. "Rula," akasema taratibu. "Moja kwa moja."

"Mimi siyo kunguru, nipite angani."

"Najua. Jioni nikitoka kazini mjini nalala ndani ya basi, simu ikiwa begini. Mara mbili nimepitilizwa, nikarudi kwa miguu..."

Alimalizia peke yake. Fundi alishalala kochini, viatu mkononi.

Alipoamka alasiri, aliona chumba cha pili kitupu, dirisha pana, na sakafuni alama nyekundu.

"Ile nini?"

"Mahali pa cherehani yako. Nilipima mwanga."

"Kwa rula?"

"Kwa kukaa pale kila Jumapili."

Fundi akakanda nyayo zake.

"Basi la mwisho linakaribia," mpima ardhi akasema. "Nikusindikize?"

"Njia ile leo siirudii. Mpigie mjomba wangu, aje mwongee mambo ya ndoa."

"Nimwambie ni umbali gani?"

"Mwambie aje na mto."