Mwezi Haukumngoja Kwandu

Kila asubuhi kabla ya shule, Kwandu alipita kwanza kwenye mtama wa bibi yake, Nyanjige, kufukuza kwelea, ndege wadogo walao nafaka. Alipanda juu ya kichuguu, akatia jiwe kwenye kombeo la kamba ya katani, akalizungusha juu ya kichwa na kuliachia. Kisha alinawa miguu, akala michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa karanga, akashika njia ya Bariadi mjini. Alikuwa darasa la sita.

Mwaka ule wa 2002 shule yao ilipata kompyuta ya mitumba. Aliileta mnunuzi wa pamba, mmoja wa wale walioanza kuja biashara ya pamba ilipoachiwa watu binafsi. Mwalimu Domitila wa sayansi aliifunika kwa kitambaa cha meza, vumbi lisiingie. Kila Ijumaa jenereta iliwashwa, watoto wakacheza michezo miwili ya vita vya angani.

Mchezo wa kwanza ulikuwa mwepesi. Ukibonyeza kitufe chombo kinakwenda, ukiachia kinasimama, kama maksai wa plau usipowahimiza. Mwezi nao ulikaa palepale. Kwandu aliwashinda wote, wakamwita Kamanda. Katika mchezo wa pili chombo hakikusimama hata ukizima injini, na mwezi ulizunguka dunia bila kupumzika. Wengi waliukimbia.

Ijumaa moja Mwalimu Domitila alisema, "Mmoja wenu atakwenda Maswa, siku ya sayansi, aeleze kwa nini setilaiti haianguki. Ni yule atakayefika mwezini kwenye mchezo wa pili."

Kwandu hakuwahi kufika Maswa, na aliitaka sana nafasi ile. Alikaa wa kwanza, akakielekeza chombo mwezini moja kwa moja. Kilipofika, mwezi ulishapita. Alijaribu mara tano, na mara tano chombo kilipotelea gizani.

"Kamanda, mwezi umekukimbia!" alicheka Mayige, mtoto wa fundi baiskeli. "Ulidhani ni kombeo lako, nini?"

Mayige alikosa mara mbili. Mara ya tatu akafika, darasa likalipuka kwa shangwe.

"Mwalimu, diski ya mchezo huu ina mikwaruzo," Kwandu alisema haraka. "Ndiyo maana chombo hakisimami. Mayige kabahatisha tu."

Jenereta ilikuwa imeanza kukohoa, hapakuwa na muda wa kuichunguza diski. "Basi matokeo hayahesabiki," alisema mwalimu. "Jumatatu tutawasha tena jenereta, mrudie kwa mchezo wa kwanza."

Mayige alichukua mkoba wake, akatoka. Kwandu alijua kuwa diski haina mkwaruzo hata mmoja.

Jumatatu alfajiri kundi la kwelea lilikatiza juu ya mtama. Kwandu alirusha jiwe mbele yao, kama siku zote, kisha akasimama ameduwaa.

"Bibi, kwa nini huwa narusha mbele yao?"

"He! Ukirusha pale walipo, jiwe si litakuta wameshapita? Hilo ulilijua ukiwa na miaka saba."

Na jiwe lenyewe: mkono wake ulikuwa umetulia zamani, lakini jiwe bado lilikuwa linakwenda, kama chombo kile cha mchezo wa pili. Aliiacha michembe, akakimbilia shule.

"Shikamoo, mwalimu," alisema darasani, mbele ya wote. "Diski ni nzima. Nilidanganya kwa sababu nilishindwa. Mayige hakubahatisha."

"Hata mdogo wangu alinicheka nyumbani," alisema Mayige.

"Nisamehe."

"Mayige atakwenda Maswa," alisema mwalimu. " Nafasi ni moja."

Kwandu aliinama. Kisha akatoa kombeo mfukoni. "Basi aende na hili. Jiwe linazunguka kwa sababu kamba inalivuta. Dunia nayo inaivuta setilaiti hivyohivyo, ila kamba yake haionekani."

Mayige alilijaribu uwanjani. Jiwe liligonga bati la choo, na aliyekuwa ndani akapiga yowe.

"Tumia soksi iliyokunjwa," alisema Kwandu, akicheka kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa. Wiki nzima alimfundisha.

Siku ya safari, Mwalimu Domitila alimwita Kwandu kando ya gari.

"Mchezo wa kwanza haukuwa na ubaya," alisema. "Aliyeutengeneza alipunguza mambo ili mtoto aweze kucheza. Wa pili uliufuata ukweli wa angani, ukakushinda. Kushindwa si kosa, mwanangu. Kosa ni kukiita kibovu kitu kizima, na kumpokonya mwenzako haki yake. Umeirudisha mwenyewe, nami nimeliona hilo."

Gari liliondoka. Mayige alitoa kichwa dirishani, kombeo likiwa shingoni.

"Kamanda! Naachia lini?"

"Mapema!" Kwandu alipaza sauti. "Usingoje!"