Vipande Vitatu

Mkokoteni wa hamali ulimpiga Kyalo kumbo pale Marikiti, soko la kisiwani, kikapu chake kikamwaga ndimu na gurudumu la chuma lenye mapanga. Gurudumu lilisimama kwenye viatu vyeupe vya Mbodze, aliyevaa gauni la kitenge la samawati na kujua kulivaa.

"Hili nalo wapikia nini, kaka?"

"Ni la pampu ya mafuta, dada. Nimelichapa karakanani kwangu. Mashine yayeyusha unga wa chuma, tabaka juu ya tabaka."

Alitaraji kumshangaza. Mbodze alilipitishia kidole, akauliza, "Na vipande vya majaribio viko wapi?"

Kumbe ndiye katibu wa kamati inayoandika viwango vya vyuma vya kuchapwa vya mitambo ya mafuta na gesi, na kuvikagua. Kyalo aliomba nambari, na kwa miezi minne simu hazikukoma.

"Umekula, laazizi?"

"Nimekula viwango."

"Basi nikikuoa nitakufa njaa."

Gurudumu la Kyalo likafika kwa kamati. Lingepita, lingekuwa la kwanza kutengenezwa kisiwani na kukubaliwa badala ya la ng'ambo. Sharti, vipande vitatu vichapwe pamoja nalo, kwa unga ule ule, kisha vivutwe hadi vikatike. Mashine ya Kyalo ilijaa, akavichapa siku mbili baadaye. Mbodze aliziona tarehe, akaandika: limekataliwa.

"Ni vipande tu, Mbodze. Chuma ni kizima."

"Huenda. Pampu ikipasuka, walio karibu hawataulizwa kama twapendana."

"Ningekuwa mtu baki ungeniadhiri hivi?"

"Mtu baki ningemwandikia hayo hayo."

Kyalo akakata simu. Mbodze alilia, tusidanganyane, lakini hakufuta neno.

Wiki ya sita baada ya hapo Kyalo aliingia maabara ya kamati na gurudumu jipya na vipande vyake, shati limepigwa pasi.

"Arnold atakupimia," Mbodze alisema, akimwonyesha mwenzake, "watu wasije wakasema."

"Na apime. Wewe simama uone."

Kipande cha kwanza kilivutwa, kikapita alama ya kiwango kabla ya kukatika. Cha pili vilevile. Cha tatu kilikawia hata Arnold akavua miwani. Alitia sahihi, na Mbodze akajivuna kana kwamba gurudumu amelichapa yeye.

"Nilitaka unipendelee," Kyalo alisema. "Nimeona aibu. Nataka kuoa mtu anayeweza kuniambia la. Wakubali?"

Mbodze alichukua kipande kilichokatika, akakitia mkobani.

"Nakubali. Walete wazee wako nyumbani, wote siku moja. Ukiwaleta wengine siku mbili baadaye, nawakataa."