Limbert Hakumwaga Tone

Mdogo wangu Limbert alikuja La Paz kwa siku chache, akitokea Buenos Aires, kutalii. Ndiyo, kutalii, katika mji aliozaliwa. Mama tulimzika bila yeye. Alisema kazi zilimbana. Nilikuwa na ombi moja tu kwake: aende kaburini kwa mama kabla ya kupanda ndege. Kila nilipomkumbusha akasema kesho. Akaning'inia kwenye magari ya kamba yanayopita angani juu ya mji, akapiga picha mapaa ya watu, akarudi amechoka.

Jioni ya mwisho nilikwenda mtaa wa wachawi kununua sadaka ya Agosti. Mwezi huo ardhi hufungua kinywa, na kila nyumba humlisha Pachamama, Mama Ardhi: peremende, mafuta, kijusi kikavu cha lama, mnyama wetu wa mizigo. Limbert akanifuata na simu yake. Akakishika kile kijusi, akakiuliza kama kina pasipoti. Muuzaji, mama mtu mzima mwenye kofia nyeusi, hakucheka. Nilitamani ardhi inimeze.

Giza lilikuwa linaingia tulipopita kwenye jengo jipya. Shimo la msingi lilikuwa bado wazi. Pembeni yake aliketi mzee aliyejifunika blanketi, ana chupa na kikombe kimoja.

Nikasikia harufu ya udongo uliolowa... na mvua haikuwa imenyesha kwa miezi.

Mzee akamnyooshea Limbert kikombe. Kwetu hata mtoto anajua: tone la kwanza ni la ardhi.

"Mwaga kwanza," nikamnong'oneza.

"Dada, hayo mambo ya mama. Na mama keshakufa."

Akanywa chote.

Mzee akatabasamu. Kinywani hamkuwa na meno wala ulimi. Giza tu.

"Basi," akasema polepole, "Pachamama atachukua mwenyewe."

Nikageuka nimvute Limbert mkono.

Hakuwepo.

Mzee naye hakuwepo. Na lile shimo... lilikuwa limejaa. Udongo umesawazishwa, laini, kama kitanda kilichotandikwa. Nikachimba kwa kucha nikiita jina lake. Wapita njia wakasema nimelewa, na askari akaniambia niende nikalale.

Nilifika nyumbani nikitweta. Limbert alikuwa ameketi mezani, peku, vidole vya miguu vimejaa udongo. Akajimiminia chai. Kabla ya kunywa akainamisha kikombe, akamwaga tone sakafuni.

"Dada," akasema, "asubuhi twende kwa mama."

Tulikwenda. Kwetu wafu huzikwa kwenye vishubaka vya ukutani vyenye mlango wa kioo. Akasafisha kioo cha mama, akabadilisha maua, akapiga magoti. Akamwomba mama msamaha kwa Kiaymara, lugha ambayo mdogo wangu aliionea haya tangu utotoni na hakuwahi kuisema. Alilia, na machozi yakamwachia michirizi ya matope mashavuni.

Nilijua si yeye. Nilijua, na bado nikamshika mkono tukalia pamoja. Mama alikuwa amengoja sana, na huyu ndiye aliyekuja.

Akapanda ndege akaenda. Mkewe hunipigia simu kunishukuru. Anasema nimemrudishia mume: kaacha pombe, anacheza na watoto, hana kiburi tena. Ila alfajiri humkuta uani, amelala kifudifudi, sikio chini, kama anayesikiliza mtu. Huniuliza anasikiliza nini. Namwambia sijui.

Lile jengo limekwisha, chini wameweka duka la viatu. Niliingia mara moja tu. Msichana wa dukani akaniletea kiti, akaniuliza mama unaumwa nini, mbona unalia. Hakusikia chochote, maskini.

Chini ya vigae mtu alikuwa anagonga. Polepole... kama aliyechoka. Kisha ikaja sauti, ya Limbert, ile yenye lafudhi ya Buenos Aires aliyojivunia.

Alikuwa ananiomba nimpeleke kwa mama.