Dawa ya Kuzuia

Picha ilipotokea kwenye beseni ilikuwa na watoto wawili, na Elina alikuwa amempiga picha mmoja.

Aliisogeza chini ya balbu nyekundu. Bomba la uani lilikuwa katikati, nyuma yake ukuta wa tofali. Kushoto alikuwa binti yake Rozi, wa miaka saba, ameinama anakunywa maji, kichwa kimenyolewa kama shule inavyotaka. Kulia alikuwa mwingine, ameinama vilevile, amenyolewa vilevile, sare ileile. Sura hazikuonekana. Visogo tu.

Ulikuwa mkanda wake wa kwanza. Baba yake, aliyekuwa na studio Mlowo, alikuwa amefariki na kumwachia kamera ya mkanda, mashine ya kukuzia picha, chupa za dawa na daftari. Elina alikuwa na miaka tisa ya kupiga watu paspoti kwa kamera ya kisasa karibu na mpaka, Tunduma. Picha nyeusi na nyeupe alikuwa hajawahi kuzisafisha, akaona ajifunze kabla vitu havijaoza. Alitundika blanketi kwenye mlango wa stoo, akafuata daftari, akajaribia karatasi tupu na kumwaga dawa kabla ya kupiga picha hata moja. Dawa ya kwanza hutoa picha. Dawa ya kuzuia huishika isipotee; bila hiyo, karatasi ikitolewa juani huungua yote. Chini, kwa kalamu nyekundu, baba yake aliandika: sogeza mkanda kila unapopiga, picha zisipandane; na kwenye mashine, namba za ukingoni zisomeke sawasawa.

Jioni alimwekea mumewe picha mbele ya sahani.

"Huyu wa nani?"

Osward, ambaye huvusha mahindi kwenda Nakonde, ng'ambo ya mpaka, aliishika kwa ncha za vidole. "Rozi na mwenzake."

"Mwenzake hakuwepo. Ulienda na kamera Nakonde?"

"Niende nayo kufanya nini? Hata inapofunguliwa sipajui."

"Kisogo hicho ni cha kwenu."

"Mama Rozi, visogo vya watu wote vinafanana."

Elina hakucheka. Alimtazama mpaka alipomaliza kula.

Mkanda wa pili aliusogeza huku akihesabu kwa sauti. Alimpiga Rozi mara tatu, peke yake, na mara zote tatu yule mwingine alitokea. Rozi alizidi kufifia, na katika picha ya tatu tofali za ukuta zilihesabika kupitia mgongo wake. Elina alishuku dawa imechakaa. Akashuku kamera inavuja mwanga. Lakini mwanga unaovuja hauchagui mtoto.

Kesho yake alipokuwa akimwogesha Rozi alinusa siki shingoni mwake, harufu ya dawa ya kuzuia. Ngozi ilikuwa ya baridi, na maji yalikuwa ya moto.

"Umeingia stoo?"

"Hapana."

"Harufu hii umeitoa wapi?"

"Si yangu, ni yake," Rozi alinong'ona. "Anasema inamwasha. Mama yake anamwita kule shimoni, hawezi kwenda."

Elina alimfunga kanga, akambeba mpaka kwa jirani. Bi Tabu alitoka Tanga miaka mingi iliyopita, aliuza mafuta ya kupikia, na wenye shida zisizosemeka waligonga kwake ingawa hakuwahi kuweka kibao. Alitazama kivuli cha Rozi sakafuni. Kilikuwa chepesi kama cha chandarua.

"Mchana kutwa unajifungia na dawa. Dawa gani hiyo?"

"Ya picha, Bi Tabu."

"Inafanya nini?"

"Inazuia. Kilichotokea kisiondoke."

"Ukimaliza unaimwaga wapi?"

"Nyuma ya bafu, kwenye shimo."

"Ukasema nini wakati wa kumwaga?"

"Niseme nini? Ni maji machafu."

Bi Tabu alishusha sauti. "Kwetu hata maji ya moto humwagi kimya. Unasema, jipisheni. Kuna wanaokaa humo, na wana watoto. Umemmwagia mtoto wa mwenzio, umemzuia. Sasa anajijazia kutoka kwa wako. Huyu akiisha, yule ndiye atabaki."

Elina hakutaka kuamini, ila mkono wa Rozi aliokuwa ameushika ulikuwa kama ukungu. "Nifanye nini?"

"Toa picha ya yule mwingine, yeye peke yake. Usimtie dawa ya kuzuia. Mfungulie juani, pale shimoni, mama yake amchukue. Nitakaa na Rozi uani. Na ukiwa mle ndani usimfungulie mtu, hata umsikie nani."

Saa sita mchana Elina alifunga mlango wa stoo, akashusha blanketi. Alichagua ile picha ya kwanza, ambayo watoto wote wawili walikuwa kamili. Aliuweka mkanda kwenye mashine, akakata katoni ya kumfunika Rozi, upande wa kushoto, na hapo ndipo blanketi lilipovimba kuelekea ndani, taratibu, kama mtu ameliegemea kwa tumbo.

"Mama, nifungulie."

Ilikuwa sauti ya Rozi. Mkanda ulimponyoka, akapiga magoti akaupapasa sakafuni huku siki ikimjaa puani na sauti ikirudia mama, mama, ananisukuma, chini kabisa ya mlango sasa, na aliupata, akaurudisha kwenye mashine kwa haraka, akafunika kushoto mwa karatasi, akawasha taa ya mashine, akahesabu mpaka kumi na mbili, akaizamisha karatasi kwenye dawa ya kwanza na kumwona mtoto mmoja akitokea, ameinama, kisogo tu, wakati huohuo kucha ndogo zikikwaruza mbao na sauti ikizidi kuwa nyembamba mpaka ikakatika.

Aliificha karatasi kwenye bahasha nyeusi, akaenda shimoni.

"Jipisheni," alisema. "Mama mwenzangu, nilimwaga bila kujua. Mchukue mwanao."

Aliifungua. Karatasi iligeuka zambarau, ikaiva, ikameza mtoto. Shimo lilibubujika mara moja, kama koo. Harufu ya siki ikaisha.

Uani, Rozi alikuwa mkekani, kivuli chake kizito.

"Alitulia?" Elina alimuuliza Bi Tabu.

"Sana. Aliinuka mara moja tu, kwenda kunywa maji."

Jioni mtoto alikula ugali na maharage sahani mbili. Elina alimshika shavu. Lilikuwa la moto. Alishukuru Mungu, akaenda kufunga stoo.

Mkanda ulikuwa bado kwenye mashine. Aliuinua kwenye balbu, jinsi alivyouweka. Namba za ukingoni zilisomeka kinyume.

Alisimama nao mkononi. Mkanda ukigeuka, wa kushoto hukaa kulia. Aliyefunikwa kwa katoni hakuwa Rozi.

Nyuma yake blanketi lilisogezwa.

"Mama Rozi," mtoto alisema kwa adabu, kama jirani aliyekuja kuazima kitu. "Nimemaliza kula."